Binti mfalme aliyetelekezwa na wazazi wake: siri ya kasri iwe ipi?

#1 Kalamu ya Usiku
Wakuu, habari za jioni. Naandika hadithi ya watoto wa miaka 9 hadi 12, ya kimaajabu na yenye fumbo la kutegua. Nimefika mahali panapohitaji vichwa zaidi ya kimoja.

Binti anaitwa Nuria, ana miaka 11, kitindamimba wa mfalme. Hapigwi, hanyimwi chakula, hafungiwi. Ila hakuna anayemtaja. Mezani kiti chake kipo, lakini wapakuaji humpita mpaka ajipakulie mwenyewe. Kaka na dada zake humsemesha kwa adabu ile ya kumsemesha mgeni. Anaishi ghorofa ya juu kabisa na mlezi mzee asiyesikia vizuri.

Vidokezo nilivyokwisha kuweka: saa zote za ghorofa yake zimesimama, zote kwenye saa nne na robo. Ukumbini kuna picha kubwa ya familia iliyochorwa mwaka mmoja kabla hajazaliwa, na pembeni pana sehemu iliyopakwa rangi upya. Aliyepaka alisahau kitu kimoja: mkono mdogo wa mtoto, umebaki begani kwa kaka mkubwa, hauna mwenyewe. Na kila mwaka, usiku wa kuamkia siku yake ya kuzaliwa, mama yake huja kusimama nje ya mlango. Haingii. Nuria huona kivuli cha miguu chini ya mlango, basi.

Msimamo wangu ni kwamba kutelekezwa kwenyewe ndiko kuwe kidokezo kikuu. Nimechoka na hadithi ambazo mtoto anateswa ili tumwonee huruma tu, kisha sura ya mwisho anavikwa taji. Nataka msomaji akimaliza arudi sura ya kwanza, aone kila aliyempa mgongo alikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa wazi machoni pake muda wote. Swali: sababu iwe ipi?

#2 Jamvi la Wageni
Nimekaa mbele kabisa. Waje wenye ujuzi.

#3 Mama Watatu
Kwangu jibu ni rahisi: wanampenda kupita kiasi. Malkia alipokuwa akijifungua mambo yaliharibika, akaja mtu au kiumbe fulani kumwokoa mtoto, na malipo yakawa "nitarudi kuchukua unachokipenda kuliko vyote." Tangu siku ile nyumba nzima inajifanya haimpendi Nuria. Mama anasimama mlangoni mara moja kwa mwaka kwa sababu hapo ndipo anaposhindwa kujizuia. Saa nne na robo ndiyo saa ya ahadi.

#4 Shoka
Mama Watatu, umeandika kwa moyo lakini nakataa. Ukimwambia mtoto wa miaka 10 kwamba "walikupuuza kwa sababu walikupenda" umemfundisha kitu kibaya sana. Wapo watoto watakaoisoma hadithi hii huku nyumbani kwao wanapitwa mezani kwelikweli. Watajifunza kungoja.

#5 Mama Watatu
Shoka, sijasema wazazi wasamehewe. Kuwa na sababu si kuwa na haki. Nuria anaweza kuijua siri yote na bado akawaambia mlikosea, mngeniambia tukakabiliana naye pamoja.

#6 Mpekuzi wa Kumbukumbu
Kabla hamjaenda mbali kwenye uchawi, tazameni ikulu za kweli. Sababu kubwa ya binti mfalme kupuuzwa ilikuwa urithi wa kiti. Mary, binti wa Henry VIII wa Uingereza, alizaliwa mwaka 1516 na kulelewa kama mboni ya jicho. Mwaka 1533 baba ameoa mke mwingine, mtoto mchanga Elizabeth amezaliwa, na Mary anavuliwa cheo cha binti mfalme na kupelekwa kuishi katika nyumba ya huyohuyo mdogo wake, Hatfield. Alikuwa na miaka 17.

Kisha gurudumu likageuka. Mei 1536 mama yake Elizabeth akakatwa kichwa, na Elizabeth, hajafika hata miaka mitatu, naye akavuliwa cheo. Mlezi wake, Lady Bryan, akamwandikia Thomas Cromwell, waziri mkuu wa mfalme, barua ya malalamiko: mtoto hana gauni, hana nguo za ndani, hana vitambaa vya kichwa. Ametoka kwenye nguo zake na hakuna aliyeagiza nyingine. Wote wawili walikuja kuwa malkia, mmoja 1553, mwingine 1558.

Kwa hiyo mleta mada, acha kiti chake mezani, lakini mvishe gauni lililomwishia kwenye viwiko. Mtoto atakayesoma ataelewa kabla hujamweleza.

#7 Kalamu ya Usiku
Gauni la viwikoni naliingiza leo hii. Asante sana, Mpekuzi.

#8 Tumbiri
Mbona mnazunguka? Mama wa kambo! Hadithi zote za zamani ni mama wa kambo. Mama halisi ni huyo aliyefutwa kwenye picha.

#9 Bibi Maktaba
Tumbiri mjukuu wangu, si zote. Ndugu wawili Jacob na Wilhelm Grimm walipotoa toleo la kwanza la ngano zao mwaka 1812, yule malkia anayetaka binti auawe kwa kuwa ni mzuri kumshinda alikuwa mama mzazi wa binti. Ni toleo la 1819 lililomgeuza kuwa wa kambo. Wale watoto wawili walioachwa msituni nao ni hivyohivyo: aliyeshauri waachwe alikuwa mama yao mzazi, na neno "wa kambo" liliingizwa katika toleo la 1840.

Wapo wanaosema Wilhelm alilinda heshima ya mama, kwa kuwa vitabu vilikuwa vimeanza kununuliwa kwa ajili ya watoto. Wengine wanasema wanawake wengi walikufa uzazini na mama wa kambo alikuwa mtu wa kawaida katika nyumba nyingi, hivyo mabadiliko yalikubalika bila kelele. Mimi naona yote mawili yana ukweli.

Ninachotaka kumwambia Kalamu: usikimbilie kwa mama wa kambo. Ukimweka, fumbo limekufa, maana msomaji hahitaji tena kuuliza kwa nini.

#10 Tumbiri
Nimepokea, bibi. Ila mkono begani kwa kaka bado unanisumbua. Kalamu, ni wa kulia au wa kushoto?

#11 Kalamu ya Usiku
Wa kushoto. Kucha zimechorwa vizuri, na kidole gumba kina doa la wino.

#12 Fundi Saa
Jamani someni #1 vizuri. Picha ilichorwa mwaka mmoja KABLA Nuria hajazaliwa. Mkono si wake. Kuna mtoto mwingine.

#13 Jamvi la Wageni
Nywele zimenisimama.

#14 Kalamu ya Usiku
Fundi Saa, nilikuwa nangoja mtu aone hilo. Nimefurahi. Ila mtoto huyo ni nani na amekwenda wapi, bado sijaamua. Ndiyo maana niko hapa.

#15 Tausi
Basi ni msiba. Yupo dada aliyekufa, Nuria akazaliwa baada yake, na kila anayemtazama anamwona yule. Hakuna kiumbe, hakuna ahadi.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilizaliwa miezi kadhaa baada ya dada yangu kufariki. Mama alinilisha, alinivisha, alinipeleka shule, lakini hakuwa ananishika. Nilikuwa mtu mzima ndipo shangazi akanionyesha sanduku la nguo ndogo ambazo hazikuwa zangu. Hakuna aliyenichukia. Walikuwa wamechoka kupoteza. Siri ya namna hiyo haina mhalifu, na watoto wanaweza kuibeba.

#16 Mama Watatu
Pole sana dada Tausi. Asante kwa kutuambia.

#17 Shoka
Pole, Tausi. Hii ndiyo sababu ya kwanza katika uzi huu ninayoiamini. Swali langu ni moja tu: kama ni msiba, kwa nini wamfute kwenye picha? Watu wakifiwa hutunza picha. Kufuta ni kazi ya mwenye aibu au mwenye hofu.

#18 Tausi
Kwetu picha zote zilifungiwa, na hapakuwa na aibu. Kuna anayeweza kuishi na picha ukutani na kuna asiyeweza.

#19 Mwalimu wa Jioni
Naomba niingie na kanuni. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri aliyekuwa pia mwandishi wa hadithi za upelelezi, alitoa kanuni 10 za fumbo la haki kwa msomaji. Mojawapo: mhalifu atajwe mapema. Nyingine: njia au chumba cha siri kisizidi kimoja. Nyingine: nguvu za kimaajabu zisiwe jibu kabisa.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayomgusa Kalamu, maana hadithi yake ni ya kimaajabu. Watu hudhani maajabu yanaua fumbo. Hapana, kinachoua fumbo ni maajabu yanayojitokeza sura ya mwisho. Ukitaka saa zisimame kwa uchawi, sura ya pili tuonyeshe saa ikisimama mahali pengine kwa sababu inayofahamika, jambo dogo tu, hata jikoni. Msomaji aijue sheria kabla hajaihitaji.

Na tafadhali, korido ya siri iwe moja.

#20 Kalamu ya Usiku
Mwalimu, korido zipo tatu. Naziba mbili.

#21 Mchimba Ngano
Kuna njia ambayo hamjaigusa: neno lililoeleweka vibaya. Katika orodha ya ngano za dunia ya Aarne, Thompson na Uther, namba 923 ni ya mfalme anayewauliza binti zake wanampenda kiasi gani. Wakubwa wanajibu kwa asali na dhahabu. Mdogo anasema, nakupenda kama chumvi. Anafukuzwa. Baadaye mfalme anaandaliwa karamu isiyo na chembe ya chumvi, hapo ndipo anapoelewa na kulia.

Nuria huenda alisema jambo moja akiwa na miaka mitatu, la kweli kabisa, mbele ya watu wasiopaswa kulisikia. Mathalani aliuliza, "Yule dada mwenye wino kidoleni yuko wapi?" Ukumbi mzima ukanyamaza, na haujasema naye tangu siku ile.

#22 Fundi Saa
Atamjuaje dada ambaye picha yake ilikwisha kufutwa?

#23 Mchimba Ngano
Ndiyo inayowaogopesha. Amemwona.

#24 Jamvi la Wageni
Nazima taa na kuwasha tena.

#25 Mpekuzi wa Kumbukumbu
Hilo doa la wino limenikumbusha mtu. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyezaliwa mwaka 1844. Alifundishwa kusoma, lakini kuandika hakufundishwa, akajifunza kwa siri kwa kunakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859 Barghash, kaka yake Salme, alipopanga kumpindua kaka yao Majid aliyekuwa sultani, Salme, msichana wa miaka 15, akawa ndiye mwandishi wa barua za njama, kwa sababu mkono wake ulikuwa unajua kazi hiyo. Familia ikapasuka. Kumbukumbu zake alizichapisha mwaka 1886, kwa Kijerumani.

Kalamu, mkono wenye wino ni mkono unaojua kuandika. Katika kasri, mtoto anayejua kuandika ni hatari. Dada huyo hakufa. Aliandika kitu.

#26 Tumbiri
Barua ya kumpindua baba! Na kaka mkubwa, ambaye mkono uko begani kwake, ndiye aliyemtuma. Yeye amebaki kwenye picha, mwandishi amefutwa. Hapo ndipo penye dhuluma.

#27 Shoka
Tumbiri leo umeamka. Hii inajibu swali langu la #17. Lakini Nuria anaingiaje? Kwa nini apuuzwe mtoto ambaye hata hakuwa amezaliwa?

#28 Mpekuzi wa Kumbukumbu
Kwa sababu ni binti wa huyo dada. Amepachikwa kama mtoto wa malkia ili aibu isitoke nje.

#29 Mama Watatu
Mkono ni mdogo, wa mtoto. Mwaka mmoja baadaye awe mama? Hapana. Hiki ni kitabu cha watoto, tafadhali.

#30 Mpekuzi wa Kumbukumbu
Kweli, dada. Nimeliondoa.

#31 Bibi Maktaba
Wakati mnatafuta mtoto wa nani, mimi naangalia saa. Mbona mmeziacha? Saa zote zimesimama ghorofa ya Nuria tu. Je, kama hata Nuria naye amesimama? Ana miaka 11 leo, alikuwa na miaka 11 mwaka jana, na wa kabla yake. Kaka na dada wamekua, wamempita, wanamsemesha kwa adabu ya mgeni kwa sababu zamani alikuwa MKUBWA wao. "Kitindamimba" ni uongo wa kifamilia, na mwaka wa picha ni uongo vilevile. Mkono ni wake.

Mama haji mlangoni kuomba radhi. Anakuja kusikiliza kama mwaka huu atakua.

#32 Kalamu ya Usiku
Bibi. Nimesimama nikatembea chumbani mara mbili.

#33 Fundi Saa
Inapendeza, lakini Nuria mwenyewe hajui? Mtoto hahesabu siku zake za kuzaliwa? Na lile gauni la viwikoni la #6, mtoto asiyekua nguo zinamwishiaje?

#34 Bibi Maktaba
Gauni liondoke, au liwe ni la kurithi.

#35 Kalamu ya Usiku
Gauni haliondoki, nimekwisha kulipenda!

#36 Mwalimu wa Jioni
Fundi Saa ameshika penyewe. Kidokezo kimoja kikipingana na jibu, jibu ndilo linaloondoka. Ukianza kuhamisha vidokezo ili kulinda jibu, watoto watakukamata. Wao husoma kitabu kimoja mara nyingi kuliko sisi.

#37 Mpekuzi wa Kumbukumbu
Nitaje binti mmoja zaidi kisha nikae. Catalina, aliyezaliwa mwaka 1507 baba yake amekwisha kufa, alikulia Tordesillas na mama yake, Malkia Juana wa Castile, aliyefungiwa huko tangu 1509. Chumba cha binti kilipitiwa ndani ya chumba cha mama. Mwaka 1518 kaka yake Charles akamtoa kwa siri. Mama alipogundua aligoma kula, na mtoto akarudishwa. Aliondoka moja kwa moja mwaka 1525, kuolewa na mfalme wa Ureno.

Naleta hili kwa sababu wote tunadhani Nuria ndiye aliyefungiwa. Huyu Catalina alikuwa anamshikilia mama yake asianguke. Huenda ghorofa ya juu haikutengwa kwa ajili ya Nuria. Huenda Nuria amewekwa huko kwa ajili ya mtu mwingine.

#38 Tausi
Mlezi.

#39 Shoka
Mlezi amefanyaje?

#40 Tausi
Kwenye ghorofa ile wanaishi wawili na uzi mzima tumejadili mmoja. Mlezi mzee asiyesikia vizuri. Hakuna aliyeuliza ana umri gani, alitoka wapi, au kama kweli hasikii. Mwalimu alisema mhusika atajwe mapema: ametajwa #1, aya ya pili.

Usiku wa kuzaliwa Nuria mtoto alikuwa anakufa. Dada yake, yule wa wino, akaandika mkataba kwa mkono wake wa kushoto, akatoa miaka yake yote mtoto aipate. Saa nne na robo. Asubuhi malkia akawa na kichanga hai, na binti wa miaka tisa aliyezeeka. Wakamfuta kwenye picha kwa sababu hakuna namna ya kumweleza kwa wageni. Wakawapandisha wote wawili juu. Hawamtazami Nuria kwa sababu wanaijua bei.

#41 Jamvi la Wageni
Tausi!!!

#42 Mama Watatu
Gauni linabaki. Picha inabaki na mwaka wake. Saa zinabaki. Hata doa la wino limepata kazi.

#43 Fundi Saa
Doa aliangalie Nuria kwenye kidole gumba cha mlezi, sura ya tatu, wakati anachanwa nywele, na asilitilie maanani.

#44 Shoka
Mimi bado. Tausi, kisa chako cha #15 kilikuwa hakina mhalifu, na hicho ndicho nilichokipenda. Hapa umemwongeza Nuria deni ambalo hakuliomba. Mtoto wa miaka 11 anajua anaishi kwa miaka ya dada yake. Atafanya nini na habari hiyo?

#45 Tausi
Atamwita dada. Kwa mara ya kwanza mtu katika nyumba ile atamwita hivyo.

#46 Shoka
Halafu? Atairudisha miaka? Akiirudisha anakufa. Asiporudisha hadithi haina mwisho.

#47 Mchimba Ngano
Ngano zina njia. Wanagawana. Mmoja anapungua, mwingine anaongezeka, wote wanakuwa wanawake wa umri mmoja.

#48 Mama Watatu
Basi Nuria anapoteza utoto wake wote sura ya mwisho. Sikubali hata kidogo.

#49 Kalamu ya Usiku
Wakuu, nimenakili uzi wote. Nitaandika sura ya kwanza mpaka ya nne nikiwa na njia mbili wazi, ya Bibi na ya Tausi, nione ipi inakataa kufa. Kuhusu mlezi, niseme kweli, nilimweka ili tu Nuria asiwe peke yake.

#50 Fundi Saa
Kabla hujaanza, angalia #1 tena. Mama anakuja usiku wa kuamkia siku ya kuzaliwa ya Nuria, sawa. Lakini ndani ya mlango ule wanalala wawili. Ukifuata ya Tausi, amua mapema malkia anasimama pale kwa ajili ya nani, maana maneno yake akifungua mlango yatakuwa tofauti kabisa.

#51 Bibi Maktaba
Na ukifuata yangu pia. Mlezi wangu naye bado hana kazi, nipeni mpaka kesho.